Mama Mkwe Canterbury, Mimi Ramsgate

Mpendwa Mama Warigia,

Nakusalimu kutoka London, mimi msomaji wa mashauri yako gazetini, na naomba unishike mkono kabla Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa nane haijafika, kwa maana nikikosea tena nitabaki huku bila mke.

Mimi ni mtu wa Tetu, niliishia darasa la saba, nikafua shuka katika hoteli moja Nanyuki mpaka mzungu niliyemfanyia kazi akanitafutia kazi huku, nayo ni kufua shuka, kwa hiyo nimevuka bahari ili kufua shuka zile zile, na ninafua usiku, na mchana nalala kama gunia. Mke wangu Murugi yuko nyumbani na tumekubaliana anifuate, lakini mama yake, Keziah Wakonyo, alisema hatamtoa mtoto wake kwenda mahali ambapo yeye mwenyewe hajapaona. Basi amekuja kupaona. Ameletwa pamoja na akina mama wa kanisa kwa miezi miwili, na Jumamosi wenzake wanatembezwa na wenyeji, lakini yeye alikataa, akasema, "Mimi nina mkwe hapa. Atanitembeza."

Wewe ni mtu wa kwetu, unajua tunavyokaa na mama mkwe. Simtazami machoni, sili mbele yake, na akiingia kwa mlango huu mimi natafuta ule mwingine. Tetu ni rahisi kwa sababu kuna shamba la kutorokea. Lakini treni za huku, Mama Warigia, zina vyumba vidogo vyenye viti viwili virefu vinavyotazamana, magoti karibu yagusane, na ukitaka kutoroka labda uruke dirishani.

Nilichagua Canterbury kwa sababu ya lile kanisa kubwa, nikajua mtu wa kanisa atafurahi. Tulipanda Victoria, nikamketisha dirishani, nikakaa mbele yake kwa maana palibaki hapo tu, akajifunika shali mpaka puani, mimi nikatazama viatu vyangu. Tulipotoka mjini akaliambia dirisha, si mimi, "Hizi ng'ombe ni za nani, na mbona hakuna mtu anazichunga?" Sikujibu, kwa maana kujibu ni kuinua uso. Halafu akafungua mfuko, akatoa mayai ya kuchemsha, akaweka moja kwenye kitambaa upande wangu, na hapo nikaona heshima imefika mwisho, nikasema, "Mama, nitakuwa huko nyuma," nikaenda mpaka behewa la mwisho kabisa, nikakaa, na kwa vile nilikuwa nimetoka kazini asubuhi hiyo, nikalala.

Hakuna mtu aliyeniambia kwamba treni za huku hukatwa. Kuna stesheni inaitwa Faversham, na hapo mabehewa ya mbele huenda upande wake na ya nyuma upande wake, kama ndugu waliogawana shamba. Mimi niliamshwa na kelele za ndege wa baharini. Nikashuka, nikamuuliza mwenye kofia ya reli, "Kanisa kubwa liko wapi?" Akanitazama, akasema, "Kanisa gani? Hapa ni Ramsgate, watu huja kuogelea."

Simu zikapigwa. Nilimkuta jioni katika stesheni ya Canterbury, ndani ya ofisi ya mkuu wa stesheni, anakunywa chai. Mama mmoja wa kizungu ndiye aliyemshusha.

"Gatimu," akasema, "si ulisema uko nyuma?"

"Nilikuwa nyuma, mama."

"Nyuma gani? Nilishuka nikaitafuta nyuma. Treni haikuwa na nyuma."

Kanisa lilikuwa limefungwa. Tulirudi London, na kuagana kwetu kulikuwa maneno haya tu: "Nikifika nyumbani nitamwambia Murugi nilivyoona."

Sasa imebaki Jumamosi moja na kila mtu kazini ana shauri lake. Mmoja anasema Brighton, ni karibu na kuna bahari, lakini nimeonyeshwa picha, wazungu wamelala juu ya mawe karibu uchi, na mimi nikisimama pale na mama wa mke wangu nitatazama wapi? Mwingine anasema Hampton Court, jumba la wafalme wa zamani, lakini kuna ua wa miti uliopandwa makusudi ili watu wapotee ndani, na wanalipia kupotea, na mimi nimeshampoteza bure. Cambridge ni mbali, itabidi tule. Windsor ni nyumbani kwa Malkia, na ninamjua mama, atataka kuingia asalimie. Nichague ipi? Na ndani ya treni nikae wapi?

Ni mimi,
Gatimu wa Tetu, aliye London

*

Gatimu,

Nimekutumia jibu hili kwa barua ya ndege kabla ya gazeti, maana ukingoja gazeti mama atakuwa ameshashuka stesheni ya Kiganjo huku kwetu.

Nilicheka, sitakudanganya. Kisha nikamfikiria mwanamke wa makamo, amesimama stesheni asiyoijua, anazunguka kutafuta nyuma ya treni, na kicheko kikaniishia. Pole kwa kazi ya usiku. Lakini kwa hilo la kumwacha mama wa watu na yai mkononi, sikupi pole.

Unafikiri ulikosea kuchagua mji. Mji haukuwa na kosa. Mimi pia nina mkwe, anaitwa Gicheru, na akisikia sauti yangu anapitia uani, na mimi nafurahi kwamba alilelewa. Lakini siku nilipoteleza kwenye tope na debe la maziwa, hakupitia uani. Alinishika mkono akaninyanyua, na hakuna mzee aliyemtoza faini ya mbuzi. Wewe ulihifadhi heshima yako ukampoteza mwenye kuheshimiwa.

Mama Keziah hakuja kuona makanisa. Alikuja kuona kama mtoto wake akipotea nchi hiyo kuna mtu atakayejua yuko wapi. Nawe ukamjibu vizuri sana, ukiwa Ramsgate.

Sasa fanya hivi. Brighton waachie wenye mawe yao, na huo ua wa kupotea usiukaribie. Malkia naye hajakualika. Safari nzima mama aliuliza jambo moja tu, nalo lilikuwa la ng'ombe. Huyo ni mfugaji! Kaulize wapi karibu na reli kuna mnada wa mifugo Jumamosi, au mkulima anayeruhusu watu waone wanavyokamua. Na kabla ya kukata tiketi mwambie mama mwenyewe, akubali au akatae. Uliweza kusema "nitakuwa huko nyuma," kwa hiyo mdomo unao.

Ijumaa omba ruhusa kazini ulale. Mwulize mwenye kofia kama treni inakatwa, na kama inakatwa, ni behewa gani linafika. Ndani, usikae mbele ya mama. Kaeni kiti kimoja, upande mmoja, mfuko wake ukae katikati yenu, na wote mtazame nje; hapo hakuna macho yatakayokutana. Akikupa yai, lipokee kwa mikono miwili, geuka, ule. Akiuliza ng'ombe ni wa nani na hujui, sema hujui.

Mkirudi, usimwache stesheni. Mpeleke chumbani kwako. Mwonyeshe Murugi atalala wapi, atapika wapi, na jirani yupi atagongewa mlango akiumwa. Mama atakuuliza binti yake atabaki na nani usiku wewe ukiwa kwenye shuka zako. Hilo ndilo swali lililompandisha ndege. Uwe na jibu, na liwe na jina la mtu ndani yake. Kama bado huna, mwache Murugi Tetu mpaka ulipate, na umwambie mama hivyo wewe mwenyewe, ukiwa umekaa karibu naye.

Mama Warigia, Nyeri