Taa ya Chumba cha Mama Mkwe Haizimiki

Shikamoo Anti Yasmin. Nisaidie kabla ya Jumamosi. Mimi ni Evelina wa Kisesa, naishi na mama mkwe wangu, Kashindye, aliyehamia kwetu baada ya kufiwa na mumewe, na alipokuja nilifurahi jamani, nikaenda sokoni Mkuyuni kumnunulia balbu mpya za LED, zile zinazomwagwa kwenye turubai kwa bei ya kutupa, ili chumba chake cha uani, ambacho mume wangu Nathaniel alikifunga umeme kwa mkono wake mwenyewe, kiwe na mwanga mzuri, lakini tangu hapo sina amani, maana ukizima swichi balbu haizimiki, inabaki na kamwanga hafifu ka bluu, na ikiwaka inachezacheza mpaka binti yangu Winnie anayesomea humo analalamika kichwa. Niliingia kuitoa, swichi nimeizima mwenyewe, kugusa tu nikarushwa hadi ukutani, naye mama amekaa kitandani ananitazama na macho yake mekundu, akasema, "Pole mwanangu, kimekupata nini?" Nikakimbia. Baba mdogo Shimba, mdogo wa marehemu baba mkwe, aliposikia akasema macho mekundu yale yanajieleza, ni ya mchawi, eti hata kaka yake hakufa bure, na Jumamosi anakuja na watu wake, kazi yangu ni kufungua geti na kumpeleka Winnie kwa jirani, nisiulize kitu. Nathaniel yuko Nansio, kisiwani, nikimpigia anasema mambo ya wazee nisiyaingilie. Anti, namwogopa mama, siku hizi hata chakula namwachia mlangoni, lakini hao watu nawaogopa zaidi. Niwafungulie au nisiwafungulie?

Marahaba, Evelina. Usifungue! Nimeanza na hilo ili usije ukaishia katikati.

Sasa nisikilize. Balbu ya zamani ilikuwa na waya mwembamba ndani, mpaka upate moto sana ndipo iwake. LED haina waya huo. Ina vipande vidogo vinavyotoa mwanga umeme ukipita tu, hata uwe kiduchu, na ndiyo sababu hutumia umeme kidogo. Mumeo alijifanya fundi akaweka swichi kwenye waya wa nyutro, ule unaorudisha umeme, badala ya waya wa moto, ule unaouleta. Kwa hiyo ukizima, umeme bado umejaa kwenye holda, pale balbu inapochomekwa. Unaovuja kidogo ndio unaoimulika LED, na umeme huohuo ndio uliokurusha. Ungekufa, na lawama zote angebebeshwa bibi wa watu!

Kuchezacheza je? Ni balbu zako za turubai. Ndani ya LED kuna kifaa cha kuutuliza umeme, na kwenye hizo kimewekwa cha hovyo. Rahisi ni ghali, dada. LED nzuri mwanga wake umetulia, haichemki ovyo, nayo hudumu miaka. Na macho mekundu? Mwanamke amepikia kuni maisha yake yote, ulitaka yaweje? Mtu amekupa pole, wewe unamwekea sahani mlangoni. Aibu!

Fanya hivi leo. Mtoe mama hapo, mpeleke kwa mtu unayemwamini, na Shimba asijue ni wapi. Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha polisi, uwatajie Jumamosi na uwatajie Shimba kwa jina. Mwambie Nathaniel apande meli arudi, mama ni wake na kosa la waya ni lake. Zima swichi kuu, usiguse holda tena, ita fundi mwenye leseni ahamishie swichi kwenye waya wa moto. Ndipo ununue balbu dukani, yenye nembo ya ubora na dhamana ya maandishi.

Namba uliyoniandikia nimeipiga tangu nilipopata barua, inaita tu. Polisi nimewapa jina lako na la mama. Gazeti hili linatoka Ijumaa. Ukilishika, acha kila kitu unipigie, na simu umpe mama Kashindye. Nataka kusikia sauti yake.