Kiti Kinachotazama Runinga

12 Machi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Mgongo vipi? Cherehani hiyo itakumaliza. Mimi mzima, ila nimechoka. Simu janja nimeiuza, nina kitochi tu, ndiyo maana naandika kwa mkono kama babu. Kibanda cha kubeti nakikwepa. Nazunguka nyuma ya gereji, nafika kazini viatu vimejaa oili. Shida ni saluni yenyewe. Bosi ametundika runinga mbele ya kiti changu, mpira kutwa. Nanyoa, masikio yako uwanjani.

Mke wangu na binti yetu hawajambo hapo kwako? Msalimie mama mtu, hata asipoitikia.

Mdogo wako

20 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mgongo ni ule ule. Mkeo ananisaidia kupiga pasi nguo za wateja. Mtoto ameng'oka jino. Salamu nilizifikisha. Akasema, "Wifi, salamu zake nimezizoea."

Nawe sikia, mwenye kidonda hakai penye nzi. Hama saluni hiyo. Usiniambie una moyo wa chuma. Chuma nacho hushika kutu.

Dada yako

2 Mei

Mdogo wangu,

Hujambo? Au hata hilo nisiulize? Barua hujibu, kitochi hakipatikani. Mkeo haulizi kitu, lakini mlango ukigongwa anageuka upesi. Kama umeanguka, sema umeanguka. Sitakugombeza, nguvu hizo sina tena.

Dada yako

15 Mei

Dada,

Shikamoo. Niliona aibu kuandika. Jumamosi moja mteja, povu bado liko kidevuni, aliniambia, "Kinyozi, una mkono wa baraka. Nichagulie timu tu, pesa ni yangu." Nikajidanganya kwamba kuchagua si kubeti. Timu zote zikashinda, akarudi kunigawia fungu. Laiti zingeshindwa! Fungu lile nililipeleka kibandani, likafuatwa na mshahara, kisha na kitochi.

Saluni nimeiacha. Bosi akacheka, "Unaikimbia runinga?" Nikamjibu, "Ndiyo, naikimbia." Sasa nanyoa wagonjwa hospitalini. Kipato ni kiduchu, na nimemwomba muuguzi mkuu anishikie, anipe cha kula tu. Jumamosi nashinda wodini na wazee wasioweza hata kugeuza shingo. Hawana habari na timu, wana maumivu yao.

Hamu haijaniisha. Hunijia mikono ikikosa kazi. Nasafisha mashine ya kunyolea, naisafisha tena, mpaka inipite.

Mwambie mke wangu yote. Usinisitiri.

Mdogo wako

29 Mei

Mdogo wangu,

U mzima? Nilimsomea yote, hata pale nilipotamani kuruka. Akasema, "Mara hii hakuapa kwamba ni mara ya mwisho."

Amekata tiketi ya Alhamisi. Mtoto anabaki kwangu, na begi lenyewe ni dogo. Anakuja kukuona, mdogo wangu. Hakusema anakuja kukaa. Usimpokee kwa ahadi. Mpokee tu.

Dada yako