Jibu la Salim

Jumatatu, 5 Mei
Vipindi vitano. Sauti imekauka. Simu haijawaka tangu idumbukie kwenye ndoo ya maji, kwa hiyo ujumbe nasomea kwenye kompyuta ya ofisi ya walimu. Hapa Kumsenga kompyuta hiyo ni ya wote, kama kata ya mtungini. Ndiyo maana programu nimeitega: ujumbe ukishafunguliwa, siku moja tu, unafutika. Wenzangu hawana haya ya kuchungulia.

Nimemwandikia mume wangu, Salim, tabibu kule Kasulu. Tunaendelea au tunaachana? Jibu moja, tena la maandishi. Nimechoka kuzungushwa.

Jumanne, 6 Mei
Amesoma. Kimya. Jeuri.

Jumatano, 7 Mei
Malaria. Nimelala.

Ijumaa, 9 Mei
Nimejikokota hadi shule mchana. Nafungua, hakuna kitu.

Mwalimu Ntahondi akaja anatabasamu. "Madamu, jana asubuhi mashine ilikuwa inalialia, nikakufungulia. Mzee alikujibu."

Alidhani kanisaidia. Kwao hodi haiachwi bila kuitikiwa, hata kama mwenye nyumba hayupo. Nikamtukana mbele ya wanafunzi. Alitaka kuniambia kilichoandikwa, nikamkataza. Ndoa yangu isipite mdomoni mwake. Nimemwandikia Salim arudie.

Tiki moja. Haujamfikia.

Jumamosi, 10 Mei
Mwalimu mkuu kaja nyumbani. Pikipiki ya Salim iligongana na lori jana, barabara ya Kibondo. Amefariki.

Alikuwa anakuja kwangu? Hakumuaga mtu. Sijalia. Najichukia.

Jumatano, 14 Mei
Kasulu, kwa wakwe. Niko eda.

Walimu wamekuja kuhani. Ntahondi kasimama mlangoni, kofia mkononi. "Wihangane, madamu, pole sana." Mama mkwe alikuwa kando yangu, sikujali. Nikamuuliza: aliandika nini?

"Aliandika, habibti wangu, nakupenda, tutaendelea mpaka kifo."

Salim hajawahi kuniita habibti. Hata siku ya ndoa. Mtu wa maneno matatu, na mawili ni salamu. Ntahondi anadanganya, tena vibaya, na machozi yamemlengalenga. Ningembana aseme kweli. Nikaogopa. Mtu hadanganyi kuficha habari njema.

Nikamwambia ahsante.

Jumamosi, 17 Mei
Nimewaza huenda kasahau maneno tu, akabakia na maana. Nikawaza tena. Machozi yale ya nini, basi?

Ijumaa, 23 Mei
Mvua zimekatika. Mama mkwe kayashika maneno ya Ntahondi, kila mgeni anasimuliwa: mwanangu alimwambia mkewe hivi na hivi. Akishasimulia anakula kidogo.

Leo shangazi yake Salim kanigeukia. Ni kweli, mwanangu, alikuandikia hivyo?

Mama mkwe alikuwa ananitazama.

Nikasema ndiyo.