Nimeyarefusha Mashairi ya Mjomba

Mpendwa Shangazi wa ukurasa wa nane,

Jambo hili sijamwambia mama, wala padri kwenye kitubio, wala rafiki: mashairi ya mjomba wangu yaliyoko kwa mchapaji huko Blantyre si yake yote, mimi nimeyarefusha bila yeye kujua, na katika maneno niliyoongeza limo jina la mtu aliye hai, na sasa naogopa watu watamuua.

Naomba unisaidie, maana nimefikiri peke yangu mpaka kichwa kinaniuma. Nina miaka kumi na minane, nimemaliza kidato cha nne mwaka jana, nipo tu nyumbani hapa Zomba nangoja majibu ya chuo, na kazi yangu ni kuwa macho ya mjomba. Yeye ni kaka wa mama, ndiye msimamizi wetu, bila neno lake hakuna atakayeolewa katika nyumba hii. Zamani alikuwa mwalimu. Walimchukua mimi nikiwa na miaka saba, wakamweka gerezani miaka saba bila kesi, na alipotoka, mwaka mmoja kabla ya ile kura ya vyama vingi, macho yalikuwa yameanza kufa, na sasa anaona mwanga na kivuli tu. Mashairi anayo kichwani. Kila asubuhi tukishakunywa chai ananiambia, "Mwanangu, lete daftari," ananitajia shairi moja, mimi naandika, ananiambia nimsomee, kisha anasema "basi" na hasemi tena mpaka mchana.

Yote ni ya mistari minne. Yote sitini. Hakuna jina la mtu, hakuna mahali, mara nyingi hata hujui nani amefanya nini. Hili hapa nalikumbuka kwa sababu ndilo lililoniponza:

*Chai ilikuwa bado moto.*
*Waliokuja walikuwa wageni.*
*Njia ya nyumbani kwangu*
*walionyeshwa.*

Basi, Shangazi, lingekuwa ni hilo tu labda nisingethubutu, lakini mama ana sanduku lenye madaftari ya mjomba ya kabla hajakamatwa, nami niliyasoma yote wakati wa mvua, na yule mtu wa kwenye madaftari ni mtu mwingine kabisa, anaandika kurasa tatu juu ya harusi moja, nani alicheza vibaya, nani aliiba paja la kuku, anataja majina ya watu na ya mito na ya mbwa, anacheka mpaka unasikia anacheka, na nilipofunga daftari la mwisho nililia kwa sababu niliona wamemwibia maneno yake wakamrudishia mifupa. Na shuleni nilifundishwa hivyohivyo. Insha yangu ikiwa fupi mwalimu aliandika pembeni kwa wino mwekundu, "Kavu. Fafanua." Nikasema moyoni, nitamfafanulia mjomba.

Padri aliniruhusu kutumia mashine ya kupiga chapa ya parokia. Shairi la kwanza niliongeza mstari mmoja tu, wa ndege. La pili niliongeza mitatu. Nilikuwa nikiiga yale madaftari, na ilikuja kwa urahisi hata nikafurahi, nikawa naharakisha kuosha vyombo ili niende parokiani. Nilibadilisha ishirini na mbili. Na lile la chai nililifanya ukurasa mzima, kwa sababu siku moja tukichambua dagaa wa usipa mama aliniambia kwa sauti ndogo, "Unafikiri ni nani aliyepeleka jina la mjomba wako? Si huyu huyu." Akaonyesha kwa kidevu upande wa ukuta wa jirani. Nikamuuliza, "Bambo Sandifolo?" Akasema, "Mimi sikuona. Watu walisema." Mimi nikaandika Sandifolo. Niliandika jina lake lote, na la baba yake, na kwamba alikwenda kwa mwenyekiti wa tawi la Chama akasema Lasitoni, yaani mjomba, amesoma darasani shairi la kumcheka mkubwa wa nchi, na kwamba alinyoosha kidole mpaka mlangoni petu. Hayo ya kidole nilitunga.

Huyo Bambo, yaani Bwana, Sandifolo anakuja kwetu kila siku baada ya chakula cha mchana. Wanacheza bao. Mjomba anapapasa kete kwa vidole na bado anamshinda, na Bambo Sandifolo anamwambia, "Mwalimu, umesukuma mbili, nimekuona!" na mjomba anajibu, "Wewe mwenye macho mbona unafungwa na kipofu?" na wanacheka. Akija anamletea thobwa, ule uji mtamu wa kunywa, kwenye chupa, kwa kuwa mkewe anajua kuipika. Mimi nawapelekea vikombe na siwezi kumtazama.

Bambo Mkwezalamba, huyo mchapaji, alituandikia barua nzuri sana. Alisema mashairi mafupi ni mazuri, ila yale marefu ndiyo aliyokuwa akiyangoja, kwamba "hatimaye mwandishi ameanza kusema." Niliisoma barua ile peke yangu nyuma ya choo na niliona fahari, Shangazi, siwezi kukudanganya, fahari ilinijaa. Kisha akaleta karatasi za majaribio ili mjomba asikilize na atie sahihi. Mjomba hutia sahihi pale ninapomwekea kidole.

Akasema, "Nisomee." Nilizishika zile karatasi mkononi na nikamsomea mashairi yake mwenyewe kutoka kichwani, mafupi, jinsi alivyonitajia. Nilikuwa nageuza kurasa. Tulipofika kama la ishirini akainua mkono.

"Mwanangu, hawa watu wa Blantyre wana karatasi nyingi sana."

"Kwa nini, Mjomba?"

"Mistari minne, na umegeuza mara mbili."

Nikamwambia wameandika kwa herufi kubwa. Akapapasa ukingo wa karatasi kwa vidole. Nikaogopa atazihesabu, nikauliza haraka, swali ambalo ningepaswa kuuliza mwaka mzima uliopita, kwamba kwa nini minne, Mjomba, mbona zamani uliandika marefu.

Akasema, "Kwa sababu ya Saizi."

Saizi alikuwa mwenzake wa chumba gerezani, fundi baiskeli kutoka Nsanje, hakujua kusoma. Karatasi haikuruhusiwa. Mjomba alitunga, na alijua akifa yatakufa naye, kwa hiyo kila shairi alimfundisha Saizi, wakagawana, haya shika wewe, haya nashika mimi. Saizi alikuwa na homa isiyoisha. "Mtu mwenye homa anashika minne," mjomba alisema. "Ukimpa wa tano anaangusha wa kwanza. Nilijaribu." Na majina hawakuweka kwa kuwa Saizi akizidiwa alikuwa anaropoka, na askari walikuwa mlangoni. Siku moja kabla hajafa Saizi alimwamsha akamtajia yote aliyokuwa ameshika, moja baada ya jingine, na matatu kati ya hayo mjomba mwenyewe alikuwa ameshayasahau. Lile la chai ni mojawapo. Mjomba aliniambia haya kama mtu anayekueleza njia ya kwenda sokoni. Kisha akasema, "Kesho tutamalizia," nami nimeahirisha mara tatu, nikisema nina mafua.

Na wiki iliyopita kule Ndirande watu walimchoma moto mzee mmoja ndani ya nyumba yake, kwa sababu mtu alisema redioni kwamba wakati wa Chama kimoja alikuwa anapeleka majina. Mama alisikiliza habari ile akasema "mm", akaendelea kusonga nsima.

Bambo Mkwezalamba ameandika kwamba asipopata jibu mwisho wa mwezi atachukulia tumekubali na atachapa. Nikimwambia ukweli, kitabu kitakufa na mjomba hana kitu kingine duniani. Nikimwambia mjomba, atajua kwamba mimi ni wa pili kumsaliti. Nikikaa kimya, Bambo Sandifolo atasomwa na kila mtu. Nifanye nini? Naweza kuandika tu kwamba karatasi zimepotea? Tafadhali nijibu gazetini, usitume barua nyumbani, mama ndiye anayefungua. Usitaje jina langu wala la mji. Na tafadhali, Shangazi, haya ninayokuambia usimwambie mtu yeyote, yabaki kwako.

Mimi niliyeharibu.

Shangazi anajibu:

Binti yangu, majina yote nimeyabadilisha, na mji pia. Barua yako imefika Jumanne nami nimewatoa wenye ndoa zao wiki hii ili upate nafasi. Nimesoma kurasa zako sita kwa pumzi moja kwa sababu hukuniachia mahali pa kupumua.

Nianze na pole. Ulimpenda mtu wa kwenye madaftari ukataka arudi. Wengi wetu katika nchi hii tuna mtu kama huyo, na wengine hawakuacha hata madaftari. Lakini ulifanya kosa, na si dogo. Ulimwona mjomba wako wa leo kama mabaki ya yule wa zamani. Huyu unayemwandikia kila asubuhi ndiye aliyepo. Alijifunza kuandika upya, kwa kipimo cha mgonjwa aliyelala ubavuni mwake, na ile minne uliyoiona mifupa ilikuwa ndiyo kiasi cha mzigo ambao Saizi angeweza kuubeba. Ukiongeza wa tano umemnyang'anya Saizi. Mwalimu wako wa wino mwekundu hakulijua hilo, na wewe hukuuliza. Mwaka mzima ulikaa na daftari gotini na hukuuliza!

Mimi pia niliandika ukurasa huu zamani, kwenye gazeti lile moja tulilokuwa nalo. Miaka tisa nilijibu barua ambazo zilikuwa zimeshafunguliwa na mtu mwingine kabla yangu. Kwa hiyo nilijifunza kusema kwa kifupi na kwa ukali, ili neno langu lisiweze kusomwa kwa namna mbili. Sasa tuko huru na bado nafoka. Wasomaji hunilalamikia. Sijui kuandika vingine.

Tuje kwa jirani. Mama yako anasema hakuona. Wewe kidole umekitunga. Basi huna ushahidi, una maneno ya ukutani, na kwa maneno ya ukutani mjomba wako alikaa miaka saba. Unaelewa umefanya nini? Umetumia kalamu ya mfungwa kufanya kazi ya waliomfunga. Na huenda mjomba wako analijua jina hilo kuliko mama yako. Kama analijua na bado anacheza bao na mtu huyo, ameshatoa hukumu yake, na wewe umeifuta. Kama halijui, unataka alisikie kutoka kwa watu walioshika viberiti?

Kuhusu karatasi kupotea, hapana. Usiniulize tena swali kama hilo.

Fanya hivi. Kesho panda basi la kwanza la Blantyre. Usiandike barua, na usipige simu ya posta ukaikata katikati. Ingia kwa mchapaji, mwambie, "Ishirini na mbili si ya mjomba, ni yangu, toa yote." Mpe daftari lenye yale mafupi. Atakasirika. Atakwambia marefu ni mazuri zaidi, na kwa kuwa una fahari utatetereka. Usitoke ofisini mwake mpaka ukurasa wa jirani umeuchukua mkononi na herufi zake za risasi za kuchapia zimevunjwa mbele yako. Akikataa, mwambie nitakuja mimi, na ananijua.

Ukirudi, nenda kwa mjomba kabla ya mama. Msomee ulichoandika, neno kwa neno, pamoja na hilo la jirani, kwa sauti ndogo. Usilie kwanza, ukilia atakubembeleza na hatasikia. Kisha nyamaza. Asipokusamehe, usimharakishe. Inawezekana asikuitie daftari tena, akamtafuta mtu mwingine wa kumwandikia. Hilo sitakufariji nalo, ni haki yake.

Uandishi unao, nimeuona kwenye kurasa hizi sita. Hizo sentensi ndefu ni zako, za msichana aliyekulia katika nyumba ambayo watu wanaonyesha kwa kidevu. Ziandike kwenye daftari lako, kwa jina lako, ili zikimchoma mtu zikuchome na wewe.

Umeniomba nisimwambie mtu. Kwangu imefika mwisho, majina yenu ya kweli sitayasema. Lakini kuna mtu mmoja ambaye siri hii ni mali yake, na umemficha mara tatu kwa mafua. Basi la kwanza linaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Usikae nyumbani kupanga utakachosema.