Nafasi ya solo

Mujukuu wangu Nadège,

Jambo sana. Huku Lubumbashi, mu Kamalondo, tuko bazima. Shangazi yako amevuna mahindi kule Annexe, na magoti yangu inaniuma usiku yote paka asubuhi.

Umeniuliza kama utakosea benzako ba orkestre ukifanya disque yako ya solo, ya kuimba peke yako. Ile neno imenichekesha. Kwetu, solo ilikuwa gitare yangu, yenye kuimba juu na kujibu gitare ya rythme, ile yenye kushika mwendo. Sasa kama rythme haiko, solo itajibu nani?

Ile wakati bantu ba Kasai balikuwa banafukuzwa huku Katanga, orkestre yetu ikavunjika, juu bamoja betu balikuwa ba kule. Nikasema nitarekodi nyimbo zangu peke yangu, ku radio-kaseti. Mutombo, mwenye kupiga rythme yetu, naye mutu wa Kasai, alikuwa analala ku gare na familia yake, banangojea treni ya kubarudisha kwabo. Akasikia, akakuja na gitare bila kuitwa.

"Kaseti iko yako," akasema. "Mi nakuwekea njia tu."

Akapiga. Katikati ya wimbo akashusha sauti ya gitare yake, akaniachia nafasi ya solo. Nikamuambia ile nafasi iko murefu sana, bidole byangu binaimaliza mbio. Akacheka: "Iache vile. Siku moja utazeeka."

Kisha treni ikamubeba, na sikupata habari yake tena.

Fanya disque yako, mama, lakini ubaite benzako bakuwekee njia. Mi kila siku ya Mungu nafungula ile kaseti, nashika gitare, namungojea ashushe sauti. Bidole byangu bimekuwa bigumu, nachelewa kuingia. Na ile nafasi yenye niliona murefu, sasa inanienea sawasawa.

Kambo yako