Nimenunua Chumba Chako, Zuhura

Tabora, Ijumaa, 7 Novemba 1969. Asubuhi mawingu mazito upande wa Kigwa, upepo wa vumbi, mvua hakuna.

Zuhura mwenzangu,

Unaona, bado naanza na mawingu. Bwenini ulikuwa unanicheka: "Kalunde anaandika hali ya hewa kabla ya kuandika dhambi zake." Tangu ulipoondoka, shajara yangu imekuwa mawingu matupu. Leo nina neno, na nataka ulisikie kwangu mwenyewe.

Nimenunua nyumba. Siyo nyumba nzima, usishtuke. Nimenunua upande wa kulia wa nyumba ya babu yako, vyumba viwili na ukumbi mdogo. Kimoja kati ya hivyo viwili ni chumba chako. Nimekaa humo sasa hivi ninapokuandikia, meza nimeiweka pale kilipokuwa kitanda chako.

Nianze mwanzo, maana wewe hupendi habari inayoanzia katikati.

Baada ya arobaini yako, Ami Nassor aliigawa nyumba mafungu matatu. Alisema nyumba kubwa imekuwa mzigo, na tangu Azimio litangazwe kila mwenye nyumba kubwa anatazamwa na wapita njia kama mtu aliyeficha kitu. Upande wa kushoto akabaki nao yeye. Vyumba vya nyuma ni vya mama yako, fungu lake la urithi kwa marehemu baba yako. Upande wa kulia akaamua kuutengeneza upya na kuuuza. Uwanja wa ndani na kisima havikugawanywa, ni vya wote watatu. Ndiyo nyumba ya namna hiyo sasa: dari moja, wenyewe watatu, ndoo moja ya kisimani.

Usingeutambua upande huu. Lile paa la udongo, bapa, ambalo tulikuwa tunaanikia mchele na kulalia chali kutazama mwewe, limekwenda. Juu kuna bati linalong'aa hadi stesheni. Sakafu ni saruji nyekundu, ukiipiga sabuni unajiona uso. Kuna umeme. Kuna choo cha kuvuta, na siku ya kwanza nilikivuta mara tatu bila haja yoyote, nacheka peke yangu. Kuta zimepigwa lipu zikanyooka kama karatasi. Kitu kilichobaki cha zamani ni ule mlango wa nakshi wa barabarani, ambao babu yako alisema misafara ya pembe iliupita ukiwa tayari mzee. Nimeupaka nta kutoka ushirika wetu hadi mbao zikarudi rangi ya asali.

Ofisini, kule ushirikani, hawanipi nafasi ya kupumua. Bwana Mihayo, yule wa meza ya mizani, aliposikia alisimama kunipisha mlangoni. "Mpisheni kabaila," akasema. "Mama Mwenye Nyumba, kesho tutakutaifisha na mapazia yako." Nikamwambia nyumba ni ya kulala, sitapangisha hata kona moja, na Azimio halijakataza mtu kulala. Akasema, "Hivyo ndivyo wanavyoanza." Ungekuwepo ungemjibu vizuri kuliko mimi. Mimi majibu hunijia nikiwa nimeshafika nyumbani.

Lakini kidogo niikose, na kisa kilikuwa mama yako.

Wewe umezaliwa humo, huhitaji kuelezwa shufaa. Mimi nilielezwa na dalali, nikiwa nimeshakubaliana na Ami na hati zimeshapigwa chapa. Akasema limebaki jambo dogo: anayeshiriki ukuta na kisima na wewe huulizwa kwanza. Akisema analitaka lile fungu yeye, ni lake kwa bei ileile, na mgeni hurudi alikotoka. Anayeshiriki ni Bi Rahma, mama yako. Nikacheka nikasema Mama hana haja ya vyumba viwili zaidi. Dalali akanitazama. Akasema yeye hana, ila binamu yako wa Nzega anavitaka, avifanye ghala la pamba, na yuko tayari kumlipia. Neno moja la Mama lingetosha.

Usiku ule sikuandika chochote, hata mawingu. Niliona magunia yamepangwa hadi darini ndani ya chumba chako.

Kesho yake nikafanya jambo ambalo hadi leo likinijia natikisa kichwa. Nilivaa gauni la ofisini, nikachukua ile karatasi ya dalali ya kutiwa saini, nikaenda kugonga mlango wa barabarani. Zuhura, mimi. Mlango wa wanaume. Tangu nikiwa na miaka kumi na minne naingia nyumba ile kwa mlango wa uani, napita jikoni, nachungulia sufuria kabla ya kuamkia mtu. Siku hiyo nikagonga mbele kama karani wa kodi, nikapiga hodi mara tatu kwa sauti ya ofisini.

Hakutoka. Nilimsikia nyuma ya mlango, zile bangili zake. Kisha sauti yake, ya adabu kabisa, ile anayowapa watu asiowajua: "Mwenye nyumba Nassor hayupo. Wageni huja akiwepo."

Nikasimama pale juani na karatasi yangu. Wapita njia wanaangalia. Nilijua kosa langu kabla sijashuka kizingiti.

Nikangoja siku mbili. Karatasi nikaiacha nyumbani. Nikavaa kanga, ile yako ya bluu aliyonipa yeye mwenyewe siku ile nilipofika kwa treni kutoka Kaliua na kukuta wamesharudi kukuzika. (Sijakuambia hili: treni ilikaa Kaliua ikingoja mabehewa ya Mpanda, na mimi nilikuwa ndani naihesabia pumzi. Mama alinipokea uani, akanifunga kanga yako kiunoni kama anamfunga mtoto.) Nikapita uchochoroni, nikaingia kwa mlango wa uani bila hodi, nikachungulia sufuria. Ilikuwa mbaazi za nazi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba." Hakuinua kichwa. Alikuwa na ungo wa mchele mapajani. "Juzi alikuja mtu hapa kafanana na wewe."

"Nilisikia."

"Mrefu hivihivi. Kavaa viatu."

Nikavua viatu. Nikakaa mkekani, nikavuta nusu ya mchele upande wangu nikaanza kuchagua mawe. Tulichagua mchele wote bila kuzungumza habari ya nyumba. Alinisimulia paka wa Ami. Akanisimulia jinsi ulivyomsalimia mama yangu Kigwa, mara ya kwanza nilipokupeleka kwetu, ukasema "mwangaluka" jua linazama, na mama yangu akakuitikia asubuhi yako kwa heshima zote, na wewe ukarudi Tabora unajisifu kwamba unajua Kinyamwezi. Alicheka hadi akafuta macho kwa upindo wa mtandio. Kisha akaupiga ungo vumbi likaruka.

"Yule wa Nzega ni damu," akasema. "Ananiambia niseme nakitaka. Nikisema, ni chake."

Nilijifunza kwako kwamba mama yako akianza kusema, asikatizwe.

"Pamba haili," akasema. "Haichungulii sufuria ya mtu."

Ndiyo hivyo tu, Zuhura. Ndiyo ruhusa niliyopewa. Kesho yake alimwambia Ami mbele ya mashahidi wawili kwamba ameulizwa na hataki, na mnunuzi ni mtu wake. Yule wa Nzega hajamwamkia tangu hapo. Mama anasema Idi ikifika watapatana.

Ila nilipoinuka kuondoka, alisema jambo jingine, ameshanipa mgongo, anaosha ungo. "Fundi wa Nassor kazi yake safi. Ukuta umenyooka. Sijui tu harufu itakaa wapi."

Sikuelewa. Nilikuja kuelewa nimeshalala huku wiki nzima. Alhamisi jioni nikasikia nyayo zake uwanjani, nikachungulia dirishani. Amebeba chetezo, moshi wa udi unamfuata. Akaja hadi mlangoni pa chumba chako, pangu, akasimama. Hakugonga. Alizungusha chetezo mara moja hewani, kama mtu anayemwonyesha mtoto kitu, akarudi kwake.

Ndipo nikakumbuka shubaka.

Lile shubaka la ukutani, juu ya kitanda chako, lenye kichwa cha tao, ambamo tuliweka koroboi tukasoma hesabu hadi pua zikawa nyeusi. Ambamo ulificha ile bendera ya Uhuru uliyoshona kwa siri, ukakata gauni lako la Idi upate rangi ya manjano, na Mama alipoiona inapepea juu ya paa asubuhi ile hakujua amshangilie nani au ampige nani, akasema, "Nchi imepata uhuru, gauni limekufa." Tangu ulipokufa, kila Alhamisi magharibi ikishaswaliwa, Mama alikuwa anaweka chetezo chake humo. Fundi wa Ami amelijaza matofali akalipiga lipu. Ukuta umenyooka. Hakuna pa kuwekea kitu.

Na yeye hakuniomba. Alikuwa na neno lililoweza kunizuia nisiipate nyumba hii kabisa, na hakuliwekea sharti.

Jumatatu nikamwita fundi yuleyule. Nikampapasia ukuta, nikasema hapa. Akaniangalia kama nina homa. "Mama, watu hunilipa kuziba. Wewe unanilipa kuzibua?" Nikamwambia azibue. Akasema lipu ile hawezi kuirudisha ikawa kama ilivyo, litabaki kovu. Nikamwambia kovu si neno. Alipiga patasi taratibu, anasikitika kwa kila kipande kinachoanguka, kazi ya mikono yake mwenyewe. Vumbi la saruji likajaa juu ya sakafu yangu nyekundu, juu ya meza, ndani ya chai.

Tofali la mwisho lilipotoka, hakukuwa na kitu ndani. Nakuambia ili usidhani nilikuwa natafuta. Mlikuwa na udongo wa zamani, ule laini wa mkono wa mtu, na juu, kwenye tao, masizi ya koroboi yetu. Meusi kama jana. Nikayagusa, yakashika kidole.

Fundi akauliza apake chokaa ndani. Nikamkataza. Chumba kizima ni cheupe, shubaka ni jeusi. Bwana Mihayo nilipomsimulia alisema hata kabaila hana akili ya namna hiyo, basi labda nitasamehewa.

Jana ilikuwa Alhamisi ya mwisho kabla ya Ramadhani. Sikumwambia Mama kitu. Niliuacha mlango wa uwanjani wazi, nikakaa kizingitini nikimenya viazi. Akaja na chetezo chake. Alipofika mlangoni akasimama kama Alhamisi iliyopita, mkono umeshaanza kuzunguka. Kisha akaona.

Hakulia, Zuhura. Nilifikiri atalia. Alivua viatu vyake sakafuni kwangu kwa uangalifu, akaingia, akaweka chetezo mle ndani, akakisogeza kidogo kushoto, kama kila siku kilikuwa kinakaa hapo. Tukakaa juu ya kitanda changu tukiutazama moshi unapanda kwenye tao. Baadaye akanusa hewa. "Saruji," akasema. "Itachukua muda kuzoea." Sikujua anasema chumba, au mimi, au yeye. Akaondoka na chetezo kimebaki. Kesho kutwa nitakirudisha, kwa mlango wa uani.

Ramadhani ikianza nimeambiwa nifike mapema, si kwa futari tu bali kwa kazi. Mimi Mkatoliki wa Kigwa nitakanda kaimati. Utanicheka.

Sasa nikuage. Chumba hiki hakitakuwa ghala la mtu nikiwa hai. Kila Alhamisi mlango wa uwanjani hautafungwa, nikiwa safarini ufunguo utakuwa kwa Mama. Na yeye, siku miguu ikikataa kuvuka uwanja, chetezo nitakibeba mimi, ijapokuwa sijui maneno anayoyasema akikiweka. Nitasema yangu. Nenda salama, shoga yangu.

Ngoja. Mvua imeanza nikitafuta bahasha ambayo sina pa kuipeleka. Mvua ya kwanza ya msimu, na mimi nimesahau kwamba juu ni bati. Chini ya lile paa la udongo tulikuwa tunajua imenyesha kwa kuona uwanja asubuhi, unakumbuka? Sasa inapiga kama watu mia wanapepeta mchele. Ulilala chumba hiki maisha yako yote na hukuwahi kuisikia mvua yake. Nimezima taa niisikilize kwa niaba yako, naandika kwa mwanga wa makaa niliyowasha upya kwenye chetezo cha Mama, nitakayoyaongeza udi sasa hivi.

Jumamosi, asubuhi. Mvua imekatika, uwanja una matope, kisima kimepanda. Nilipata usingizi saa saba kasorobo.

Kalunde