Meno ya Bibi wa Ghorofa ya Pili

Nafuta mdomo wa bibi wa watu kwa rangi nyeupe. Mkono mmoja brashi, mwingine simu. Usicheke kabla sijamaliza.

Ni ile picha ya bibi wa ghorofa ya pili ninayochora kwenye shuka. Mume wake ametengwa kwenye chumba cha ng'ambo ya ua kwa sababu ya corona, na kesho wanatimiza mwaka mwingine wa ndoa. Bibi alitaka mzee akiamka amwone.

Leo nimeianika kwenye kamba, nione itakavyokaa. Madirisha yote yakafunguka. Mzee naye akatoa kichwa:

"Kijana, huyo nani?"

"Mkeo, babu."

"Mke wangu hana meno yote hayo!"

Meno yote hayo! Jengo zima likaangua kicheko. Nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

Lakini mwenzangu, nilihamia hapa watu wameshaanza kuvaa barakoa! Macho yake nimeyachora kunyanzi kwa kunyanzi. Mdomo sijawahi kuuona. Nikaukisia, wala sikujua kwamba nakisia.

Bibi akavua barakoa palepale kwenye roshani yake. "Mjukuu wangu, tazama vizuri. Mapengo mawili, na usiyazibe. Alinioa nayo."

Nikatazama. Ni mzuri kuliko nilivyomkisia.

Sasa giza limeingia na nyeupe haijakauka, kwa hiyo mapengo yatasubiri asubuhi. Nimemwomba mzee radhi kwamba mkewe atalala bila mdomo.

"Usijali," akasema. "Hata hivyo namsikia."

Kutoka juu: "Na mimi nakusikia, mzee! Funga dirisha, kuna baridi!"